Nimeajiriwa, nataka kutoa programu ndogo kabla ya Ramadhani: nipunguze nini?

Mkaazi wa Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimeajiriwa kitengo cha kompyuta katika taasisi moja hapa Unguja, na nafasi yangu ni baada ya Isha tu, pamoja na siku za mapumziko. Nataka kuwatengenezea mafundi cherehani programu ya simu ya kuweka vipimo vya wateja, tarehe ya kuchukua nguo na fedha za kianzio, kwa sababu kila mwaka Idi inapokaribia madaftari yao hujaa, na wapo wazazi wanaofika mwishoni mwa Ramadhani wakakuta kanzu ya mtoto haijakatwa hata kitambaa. Nimepanga iwe na akaunti za watumiaji, malipo kwa simu, ujumbe wa kumjulisha mteja, ripoti za mapato, na matoleo ya Android na iPhone. Nikipiga hesabu naona Idi itanipita. Nianzie wapi?

Fundi wa Wete

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Tarehe yako imeshapangwa na soko lenyewe: mafundi wanaanza kupokea nguo za sikukuu tangu Shaaban, na kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa takriban siku 11, msimu huo huja mapema zaidi kila mwaka wala haumngoji mtu. Basi ipunguze kazi mpaka iingie ndani ya muda ulionao, usiukate usingizi ili kazi yote ienee, maana kazini unatakiwa asubuhi.

Kabla ya kuandika msimbo wowote, kaa na fundi mmoja dukani kwake jioni moja, uangalie daftari linamshinda wapi. Nadhani utaona kwamba vipimo havimsumbui, kwa kuwa daftari linavihifadhi vizuri na haliishiwi chaji. Linachoshindwa ni kumwambia asubuhi nguo zipi zinatakiwa kesho, na kumtahadharisha kwamba siku anayomwahidi mteja imekwishajaa. Tengeneza hilo peke yake: jina, namba ya simu, aina ya nguo, tarehe, na orodha inayojipanga kwa tarehe. Akaunti hazihitajiki ikiwa fundi ni mmoja na simu ni moja. Ujumbe kwa mteja unatosha kuwa kiungo kinachofungua WhatsApp na maneno yakiwa yameshaandikwa, fundi abonyeze kutuma tu. Ripoti ziache.

Binti wa Mkunazini

Naongeza jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Akaunti mpya ya mtu binafsi kwenye Google Play, mbali na ada ya dola 25 inayolipwa mara moja, inatakiwa kwanza ifanyiwe majaribio na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa programu kwa umma. Kwa Apple ada ni dola 99 kila mwaka. Kwa hiyo kaka, anza na ukurasa wa wavuti unaohifadhiwa kwenye skrini ya simu na kufanya kazi hata bando likiisha, kwani kosa likionekana usiku unalirekebisha usiku huohuo bila kuomba idhini ya mtu. Lakini data iliyomo ndani ya kivinjari hufutika mtu akisafisha simu yake, kwa hivyo weka kitufe cha kutoa nakala tangu toleo la kwanza, na hili usilipunguze kabisa: fundi akipoteza orodha ya wateja katikati ya Ramadhani, umemharibia riziki yake.

Mzee wa Chake

Mwanangu, usome mkataba wako wa ajira kabla ya yote. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alipobuni kompyuta ya Apple I alikuwa mwajiriwa wa Hewlett-Packard, akaipeleka kwanza kwa mwajiri wake, naye akaikataa. Ndipo alipoweza kuiuza mwaka 1976 bila mgogoro. Usitumie kompyuta wala intaneti ya ofisi, na kama kanuni zenu zinataka kibali cha kazi ya pembeni, kiombe kwa maandishi.

Mkaazi wa Mwanakwerekwe

Nashukuru sana, na wewe mzee wangu shikamoo. Mkataba nitausoma leo. Je, malipo nitayapokeaje, na nitajuaje kama niendelee?

Fundi wa Wete

Mwanzoni pokea mwenyewe kwa simu, maana kuunganisha mfumo wa malipo kutakula wiki zako kwa ajili ya wateja wachache. Toza kwa msimu badala ya mwezi, kwa kuwa mapato ya fundi hujaa wakati wa sikukuu na harusi, kisha yakapungua. Halafu Idi ikishapita, mtembelee kila fundi umwombe akuoneshe tarehe ya nguo ya mwisho aliyoiandika. Ikiwa aliacha Ramadhani ilipopamba moto, muulize ni hatua gani iliyomchosha, kisha uirekebishe hiyo kabla ya kuongeza kitu kingine chochote.