Toroli la mkonge la reli, Moshi: tuanzie wapi?

KiboNjia
Wakuu, habari za leo. Kikundi chetu cha kujitolea hapa Moshi kimepewa toroli la reli lililokuwa likibeba majani ya mkonge. Lina fremu ya chuma, ekseli mbili na magurudumu manne ya chuma cha kumimina. Mbao zimeliwa na mchwa. Tumepewa pia reli nyepesi za mita 5 na mataruma machache ya chuma (vipande vya kulalia reli). Tunataka kulionyesha likisukumwa kwa mkono kwenye njia iliyonyooka ya mita 40, wanafunzi wapande. Uwanja una mteremko kidogo. Tuanze na nini, na vifaa kiasi gani? Wengine wanataka lipulizwe mchanga kwanza, lipigwe rangi mpya.

Mpimaji_Taruma
Rangi iache kwanza, mkuu. Chukua futi, ingia chini ya toroli. Pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja, kisha unene wa ukingo wa kila gurudumu (ule mdomo unaolizuia lisitoke kwenye reli). Mfano: nafasi mm 548 na kingo mbili za mm 22 ni 592; ongeza mm 8 za kucheza, geji yako, yaani nafasi kati ya reli mbili, ni 600. Hiyo ndiyo waliyoipenda Wajerumani mashambani. Waingereza walipenda futi mbili, yaani 610, kama matoroli ya zamani ya Mombasa. Tofauti ni mm 10 tu, ila toroli la 600 juu ya njia ya 610 linayumba, na kingo zikiwa zimelika gurudumu linaweza kudondoka ndani. Njia ifuate magurudumu. Pima sehemu tatu za mzunguko pia. Namba zikipishana, ekseli imepinda au gurudumu limekaa upande.

Kisha gonga kila gurudumu kwa nyundo ndogo. Likilia kama kengele ni zima, sauti ikifa kuna ufa. Lenye ufa usilichomelee kwa elektrodi ya kawaida: chuma cha kumimina kikipoa kinapasuka tena pembeni mwa weldi. Liwe la maonyesho tu.

Vifaa: reli 16, mataruma 68 hivi ukiyapanga kila sm 60, kokoto za mm 20 hadi 40. Tandaza upana wa mita 1.2 na kina cha sm 15, hiyo ni mita za ujazo 7.2, agiza 8 kwa sababu zitadidimia. Kama udongo ni mweusi, weka moramu iliyoshindiliwa chini yake na mtaro pembeni, la sivyo masika moja tu njia inageuka nyoka. Kwenye maungio acha mwanya wa mm 3. Reli ya mita 5 hurefuka karibu mm 2.4 joto likipanda nyuzi 40, na ukibana kabisa itavimba kwenda pembeni.

Mteremko ndio unaonitia wasiwasi. Sentimita 1 kwa mita inatosha toroli lenye beringi za rola kuondoka lenyewe. Kwa mita 40 usizidishe sm 10 toka mwisho hadi mwisho. Pima kwa mpira wa maji (bomba laini linaloona ndani, lililojazwa maji), macho yanadanganya.

KutuSiDawa
Kupuliza mchanga napinga kabisa. Kunafuta maandishi ya kiwandani kwenye fremu na beringi, na hayo ndiyo yatakayokueleza toroli limetoka wapi. Tazama pia ubavu wa reli: jina la kiwanda na mwaka mara nyingi vimeinuka palepale. Piga picha, andika daftarini, ndipo uguse kitu.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo msasa uwe wa maji, na barakoa. Bolti na vipande vidogo vyenye kutu vitie kwenye pipa la plastiki: maji lita 10, sodiamu kaboneti vijiko 2 vya chakula, chaja ya betri volti 12. Waya hasi kwenye kifaa chako, chanya kwenye kipande cha chuma chakavu. Chuma kisichoshika kutu usikitumie upande wa chanya, kinatoa sumu ya kromiamu. Fanyia nje, ile gesi inalipuka. Magadi ya makande yanafanya kazi, ila yana chumvi, na chumvi hurudisha kutu.

KiboNjia
Asanteni sana. Beringi zimeganda, tupashe moto?

KutuSiDawa
Hapana. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi, siku kadhaa, huku mnatikisa ekseli. Toeni grisi yote ya zamani, imegeuka jiwe na ina mchanga ndani. Zikiwa za bushi (bomba tupu lisilo na rola), tieni mafuta mazito. Za rola, grisi.

Karani_wa_Stoo
Kabla ya yote dai barua ya makabidhiano yenye idadi na urefu wa reli, isainiwe na mwenye shamba. Reli bila karatasi barabarani ni kesi, kila mtu atadhani umeng'oa za TRC, Shirika la Reli Tanzania.

Msiwe na haraka ya injini. Makumbusho ya tramu ya Crich, Uingereza, chama chake kilianza 1955, abiria wa kwanza wakavutwa na farasi 1963, umeme ukafuata 1964. Nyie sukumeni. Wawili nyuma, mmoja breki, hakuna mtoto anayening'iniza miguu. Miisho yote miwili wekeni kizuizi cha mataruma yaliyofungwa kwenye reli kwa bolti, na jioni mnyororo na kufuli kwenye gurudumu.