Injini ya boti kabla ya baridi ya Minnesota

Hamjambo watu wa Kisumu mlioko huku. Nimenunua injini ya boti ya kupachika nyuma, nguvu za farasi 15, mtumba lakini nzima, ya kumpelekea baba mdogo pale Dunga. Itasafiri Machi. Mpaka hapo itakaa gereji isiyo na joto. Nikiifunika turubai, inatosha?

*

Haitoshi, mdogo wangu. Sisi tuliolelewa kando ya ziwa lisiloganda hatukufundishwa kuogopa maji yaliyobaki ndani ya chuma. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakikosa pa kwenda hupasua. Baridi yangu ya kwanza Minnesota nilipoteza gamba zima la gia, na iliniuma sana.

Kwa hiyo anza na gia. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, oili itoke yote, uitazame vizuri. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Badilisha sili, yaani mipira ya kuzuia maji yasiingie kwenye gia, kabla ya theluji. Ng'oa na propela uchungulie nyuma yake, maana uzi wa kuvulia ukijizungusha pale huila sili. Baba mdogo anajua, nyuzi za nyavu humfanyia hivyo hivyo. Oili mpya isukume kutoka tundu la chini mpaka ichungulie juu, hewa isibaki ndani. Funga juu kwanza, ndipo ufunge chini.

Petroli itie dawa ya kuihifadhi, kisha washa dakika kumi hivi huku bomba likiipa maji, dawa ifike kwenye kabureta. Usiwashe kavu, utaunguza impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza injini. Ukizima, toa plagi, nyunyiza oili ya kuzuia kutu ndani ya silinda, vuta kamba polepole mara mbili tatu. Halafu isimamishe wima hadi Machi, maji yajimwage yenyewe. Nakusihi, usiilaze. Siku ya kupakia, toa petroli yote.

*

Mwanangu, asante, nimesomewa yote hapa Dunga. Kwetu adui ni magugu maji: yakiziba matundu ya kunyonyea maji, injini inachemka na impela inakufa. Ukipata impela mbili za akiba na sili, zifungie pamoja na injini. Niambie pia kama ni ya kuchanganya oili na petroli, nijipange mapema.