Mtoto ameuliza samaki wa baharini wanakula nini: nianzie wapi?

Mama Tumaini, Umoja

Hamjambo wanajukwaa. Mwezi uliopita tulimpeleka binti yetu wa miaka minane Mombasa kwa mara ya kwanza. Akiwa amesimama ufuoni, maji yakimfika magotini, aliniuliza: "Mama, ng'ombe anakula nyasi, simba anakula swara; je, samaki wote hawa wanakula nini, na huku chini ni mchanga mtupu?" Nilimjibu kwamba wakubwa huwala wadogo, naye akataka kujua wale wadogo kabisa wanakula nini. Nimesoma kidogo kuhusu planktoni, yaani viumbe na vijimea vidogo sana vinavyoelea majini, lakini nashindwa kumfanya mtoto anayekulia Nairobi aamini habari za viumbe asioweza kuwaona, tena walio mbali naye kwa zaidi ya kilomita 450. Nyinyi mmewafundisha vipi wenu?

Mwalimu wa Gredi ya Nne, Kasarani

Mama Tumaini, binti yako ameshika shina la jambo lenyewe, na nakusihi usimpe neno "planktoni" kabla hajaona kitu kinachosogea. Si lazima mwanzo uwe baharini. Chota maji ya kijani kwenye bwawa lililotulia (uchote wewe mwenyewe ukiwa ukingoni, mtoto asikanyage majini kwa sababu ya kichocho), kisha uombe shule ikuruhusu kutumia hadubini kwa nusu saa. Kwa ukuzaji wa mara 40 tu, darasa langu lilimwona kopepodi: mdudu wa majini mwenye jicho moja katikati ya kichwa, anayeruka kwa kushtukashtuka, na mifuko miwili ya mayai ikimning'inia ubavuni. Kelele zilizopigwa siku hiyo zilimleta mwalimu wa darasa la jirani mlangoni. Baada ya hapo ndipo nilipowaeleza kwamba ndugu zake wamejaa baharini, kwamba wengi wao hula vijimea vidogo zaidi vinavyoelea karibu na uso wa maji, kwamba dagaa huwala wao, na nguru huwala dagaa. Hizo ndizo nyasi alizozikosa binti yako: hazioti mchangani, zinaelea palepale aliposimama.

Mzaliwa wa Lamu, sasa South C

Mwalimu amesema kweli, nami naomba niongeze ya kwetu. Mwambie mtoto habari za papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kuzidi urefu wa mita 10, mwenye madoa meupe mgongoni ambayo wazee husema ni sarafu alizorushiwa na Mungu. Samaki huyo hamwindi mtu wala nguru. Huogelea polepole akiwa amepanua kinywa na kuyachuja maji ili ale hivyo hivyo visivyoonekana. Mtoto akishajua kwamba mkubwa kuliko wote hushibishwa na wadogo kuliko wote, hatauliza tena kwa nini wana maana.

Marehemu baba alikuwa mvuvi, na usiku wa giza alikuwa akitutia mikono majini kando ya mashua ili tuone cheche za buluu zikiwaka kila tulipochezesha vidole. Cheche zile pia ni planktoni. Baba hakuwa na jina la kisayansi la viumbe hao, ila alijua kwamba pepo ndizo zinazoamua kama samaki watakuwa wengi au wachache. Kusi ikivuma pwani ya Somalia, maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka vilindini, vijimea huzaana kwa wingi, na samaki hufuata chakula.

Mpenda Bayolojia, Ngara

Nina tahadhari moja. Wengi huwaambia watoto kwamba nusu ya hewa tunayovuta inatoka baharini, na maneno hayo yanahitaji kupimwa. Ni kweli kwamba takriban nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani kila mwaka hutengenezwa baharini, lakini karibu yote hutumiwa humo humo na viumbe wa bahari. Oksijeni tunayovuta ilirundikana angani kwa mamilioni mengi ya miaka. Kwa hiyo tusiwatishe watoto kwamba pumzi itakatika kesho. Lililo karibu zaidi nao ni chakula, na pia hewa ya ukaa ambayo vijimea hivyo huifyonza, kisha sehemu yake huzama nayo vilindini vinapokufa.

Mkipata nafasi, nendeni Kariandusi karibu na Gilgil. Ule udongo mweupe, mwepesi kama unga, ni maganda ya diatomu, vijimea vya seli moja, walioishi katika ziwa la kale. Hao ni wa maji baridi, ila wenzao wa baharini hujenga maganda yao kwa madini yale yale ya silika, ambayo ndiyo malighafi ya kioo.

Mama Tumaini, Umoja

Asanteni sana. Jumamosi tulikwenda na chupa yetu ya maji, na mwalimu wa binti yangu akatufungulia maabara. Mtoto alikaa na jicho kwenye hadubini mpaka shingo ikamuuma, akahesabu kopepodi watatu, na mmoja alikuwa na mayai. Nyumbani alichora bahari upya, safari hii akajaza vitone vya kijani juu ya maji yote, na papa shilingi akiwa amepanua kinywa katikati yake. Sasa anauliza kama huyo wa jicho moja hulala, na swali hilo nalo nawaletea.