Coimbra kuona chuo na maktaba ya zamani: nimpeleke mama au tubaki Lisbon?

Mwana_Chake

Assalaam alaykum wanajamvi. Nna safari ya Ureno mwezi wa kumi nshaallah. Dada yangu amejifungua, yuko Lisbon, na mama kasema haingii mwaka mpya bila kumuona mjukuu. Mie ndo mshika begi.

Shemeji ametutengea siku ya matembezi akanipa nichague: fukwe za Cascais, au mji wa Coimbra, kwenye chuo kikuu cha zamani chenye maktaba iliyopakwa dhahabu. Fukwe ninazo Pemba, siendi kuzitafuta Ulaya. Lakini hiyo maktaba nayo, naambiwa kitabu hushiki wala hufungui, unaangalia migongo yake kisha unatolewa nje. Mama ameshapita sitini, magoti yake si ya kuaminika, na lugha yake ni Kiswahili tu na Kiarabu cha kwenye msahafu. Aliyewahi kufika aniambie: pana cha kuona kwa mtu kama mama, au ni mambo ya wasomi? Na kwenda na kurudi siku hiyohiyo inawezekana?

Kibandamaiti_Original

Sheikh, unataka kumlipia mama tiketi akaone vitabu vya Mreno? Si hawa waliokuja 1505 wakaichoma moto Mombasa na Kilwa wakaipora? Mpeleke sokoni akamnunulie mjukuu nguo. Vitabu vya zamani ukivitaka vipo Nyaraka, hifadhi ya maandiko ya kale pale Kilimani, Unguja, nauli ya daladala tu.

Mjalidi_Malindi

Wa alaykumu salaam mwanangu. Mie kazi yangu kujalidi vitabu: misahafu, juzuu, madaftari ya maofisi. Basi ninayosema ni maneno ya mtu wa gundi na uzi, yapime hivyo. Kijana wangu anafanya kazi Ureno na ndiye aliyenifikisha Coimbra. Jibu langu ni nenda, na mama umchukue.

Kwanza magoti, maana hilo ndilo ulilouliza. Chuo kiko juu kilimani, mji uko chini kandokando ya mto Mondego, na baina yao pana ngazi za mawe zinaitwa Quebra Costas. Mama asizione hata kwa mbali. Treni ya kutoka Lisbon inachukua kiasi cha saa mbili, itakushusheni stesheni ya Coimbra-B, ambayo iko nje kidogo ya mji. Hapohapo chukueni teksi, mwambieni dereva akupandisheni mpaka Porta Férrea, lango la chuo. Mkishavuka lango, uwanja ni tambarare, na mtakachokiona karibu chote kimeuzunguka uwanja huo. Kuna mnara wenye kengele ambayo wanafunzi waliipachika jina la Mbuzi kwa kuichukia, maana ndiyo iliyokuwa ikiwaita darasani. Huo mnara upande wewe peke yako, mama umwache chini na maji yake.

Tiketi nunua mtandaoni mapema. Sehemu nyingine mnaingia kwa nafasi yenu, lakini tiketi ya maktaba ina saa yake. Watu huingizwa kwa mafungu, mlango ukafungwa nyuma yao, na muda wa ndani ni mfupi. Ukikosa saa yako ndo basi. Mie ningechagua ya asubuhi, kabla miguu haijachoka.

Chuo chenyewe kilianzishwa 1290 na mfalme Dinis. Kikawa kinahamahama, leo Lisbon kesho Coimbra, mpaka 1537 kilipotulia Coimbra moja kwa moja ndani ya kasri la mfalme. Ndiyo sababu ukumbi wanaotetea shahada za udaktari mpaka leo ulikuwa ukumbi wa kiti cha enzi. Mtautazama kutoka juu, kwenye kibaraza chembamba, na siku yenye shughuli huwa haufunguliwi, usije ukanuna.

Maktaba inaitwa Joanina, kwa jina la mfalme João wa Tano aliyeijenga kati ya 1717 na 1728. Nilipokwenda tuliingizwa kwa chini, kupitia jela. Ndiyo, jela. Chuo kilikuwa na mahakama yake, mwanafunzi akikosa hafungwi na serikali, anafungwa na chuo. Vijumba vya mawe visivyo na dirisha na ngazi nyembamba ya kuzunguka. Hapo ndipo pa kuwaambia wahudumu mapema kuhusu magoti ya mama, wakuelekezeni pa kupita.

Juu sasa. Vyumba vitatu vinafuatana, rafu zimepakwa kijani, nyekundu na nyeusi, na michoro ya dhahabu ya mtindo wa Kichina, na mwisho kabisa picha ya mfalme mwenyewe anakuangalia. Watu wote wakainua vichwa darini. Mie niliwaachia dari lao, nikasogea kwenye vitabu. Nikipokea msahafu mkongwe dukani, jambo la kwanza naugonga taratibu mezani juu ya karatasi nyeupe, nione unga unaoanguka. Unga ukiwa mwingi, mdudu yumo na anaendelea kula. Sasa pale pana kama juzuu 60,000, nyingi za karne ya 16 mpaka ya 18, na migongo ya ngozi niliyoiona imekaa vyema kuliko madaftari ninayoletewa ya miaka ya sabini. Nikamwambia kijana wangu, hebu muulize huyu bibi anayetutembeza wanatia dawa gani.

Hakuna cha dawa. Ni popo. Wamefanya makazi mle ndani miaka na miaka, mchana wamejificha nyuma ya rafu, usiku wanatoka kuwala wadudu wanaokula vitabu. Jioni wafanyakazi wakifunga, hutandika ngozi juu ya zile meza za mbao za thamani, maana popo akiruka hachagui pa kuangushia haja yake. Asubuhi zinakunjwa, pakafagiliwa pakafutwa, ndipo wageni wakaribishwe. Na jengo nalo linafanya kazi yake: kuta zinapita mita 2 kwa unene, mlango mkubwa ni wa msaji, na joto la ndani halitoki baina ya nyuzi 18 na 20. Rafu ni mwaloni, ambao wanasema harufu yake wadudu hawaipendi. Hilo la harufu sina ushahidi nalo. La ukuta naliamini kabisa, maana sisi wa Mji Mkongwe tunajua nyumba ya ukuta mnene inavyokaa kiangazi.

Kuhusu kushika kitabu: mtalii hashiki. Lakini mtu mwenye utafiti wake huomba, na kitabu hupelekwa maktaba kuu iliyo jirani akasome pale. Si kwamba vimekufa.

Mwana_Chake

Ami yangu, shukran sana, umenipa zaidi ya nilichoomba. Nimemsomea mama. Ya mfalme hakuyashughulikia, ya popo kacheka mpaka kashika mbavu. Anauliza: popo wa aina gani hao? Maana yeye kwao ni karibu na Kidike, na anasema popo anaowajua wakiingia kwenye nyumba hakibaki kitu.

Mjalidi_Malindi

Mwambie wasimtie hofu. Wa Kidike ni wale wakubwa, wala matunda, tena aina ile haipatikani popote duniani ila Pemba. Wa Coimbra ni vidogo, kimoja kinaenea kwenye kiganja, na chakula chao ni wadudu tu. Mchana hamtawaona. Mie sikuwaona.

Na wewe Kibandamaiti, usidhani nimekupuuza. Dhahabu ile sikuipenda na nitakwambia kwa nini. João wa Tano alitajirika kwa dhahabu ya Brazil, na waliochimba Brazil ni watumwa waliotolewa huku kwetu Afrika. Bibi aliyetutembeza alisema "dhahabu ya Brazil" akapita. Mtu anayepajua Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa Unguja, hawezi kupita hivyo. Lakini chuo hichohicho ndicho alichoanzia udaktari Agostinho Neto, kabla ya kumalizia Lisbon, kisha akaja kuwa rais wa kwanza wa Angola. Na Salazar, aliyekuwa akitawala Ureno wakati huo, alikuwa profesa wa Coimbra kabla ya siasa. Majengo makubwa ya kijivu mtakayoyaona nje ya lango yalijengwa enzi zake, mtaa wa zamani ukavunjwa kuyapisha. Mabaya kweli, utayajua tu. Kwa hiyo kwenda si kumsifu mtu. Na Kilimani pia aende, sijamkataza.

Kibandamaiti_Original

Hapo kwenye Neto nimenyamaza. Ila sokoni bado aende.

BintMtambwe

Nimesoma huko Ureno, naongezea ya tumboni kwa sababu wanaume mmesahau. Mwana_Chake, mkae macho na chakula cha Coimbra. Mtaona kwenye menyu chanfana, mkaambiwa ni mbuzi, na mama atafurahi. Huyo mbuzi amepikwa kwa mvinyo mwekundu. Supu ya kijani inayoitwa caldo verde inaonekana ya majani matupu, kisha chini unakuta vipande vya soseji ya nguruwe. Na vitongoji vya jirani vinasifika kwa kitoto cha nguruwe cha kuchoma, kipo kila dirisha. Agizeni samaki wa kuchoma na viazi, hapo mko salama, na mseme mapema hamtaki mvinyo kwenye mchuzi. Ya halali yanunueni Lisbon kabla ya kupanda treni, mitaa ya Martim Moniz imejaa. Ijumaa msikiti mkuu wa Lisbon ni mkubwa na utakutana na watu wa Msumbiji wengi, wengine Kiswahili wanakisikia. Coimbra nyinyi ni wasafiri, mna ruhusa ya kukusanya na kufupisha sala, kwa hiyo msikimbizane.

Mama akichoka, chini ya chuo kuna bustani ya mimea ya tangu 1772. Ina mabenchi na vivuli, na kuingia ni bure. Mimi nilikuwa najificha huko wakati wa mitihani. Na mkilala, usiku tafuteni fado ya Coimbra, nyimbo za huzuni za Kireno. Huimbwa na wanaume waliovaa majoho meusi ya wanafunzi, na desturi yao ya zamani ukipendezwa hupigi makofi, unakohoa. Mama asidhani watu wana mafua.

Mwana_Chake

Mama kashakata shauri: Coimbra, na tutalala usiku mmoja. Kwenda na kurudi siku moja kasema ni mambo ya wachuuzi. Ami, swali la mwisho: mwezi wa kumi nimvishe nini?

Mjalidi_Malindi

Sweta chini ya baibui na mtandio mzito, asubuhi kilimani kuna ubaridi. Mvua huanza miezi hiyo, mwavuli muwe nao. Na viatu viwe vya soli ya mpira yenye meno, si kandambili wala vile vya harusini. Vijiwe vyeupe walivyotandika njiani vikilowa vinateleza vibaya, na mteremko wote ni vijiwe hivyo. Mshike mkono mpaka mlango wa teksi.