Nimemwambia mchumba sijui kama Mungu yupo, ananiita mkana Mungu. Nimjibu nini?

Asiye na Hakika:
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, na tafadhali msinihubirie wala msinipongeze.

Nimelelewa katika dini na nimesali tangu utotoni. Miaka ya karibuni, kila nikijiuliza kama Mungu yupo, jibu linalonijia ni hilohilo: sijui. Sisemi hayupo. Hoja za wanaomkana naziona zina matundu, nikirudi kwa wahubiri, na zao vilevile. Sasa mchumba wangu, mcha Mungu hasa, ameniuliza waziwazi kama ninaamini. Nikasema sijui kama yupo. Akanijia juu: "Basi wewe ni mkana Mungu, sema tu." Rafiki yangu asiyeamini naye anadai mimi ni mwenzao, ila mwoga. Niko wapi hasa?

Kalamu Kavu:
Mkuu, umeulizwa hili ukajibu lile. Yeye kauliza kama unaamini, wewe ukamjibu kuhusu kujua. Wapo wanaokiri kwamba hakuna awezaye kujua na bado wanaamini. Wapo wanaokiri hivyohivyo na hawaamini. Mwanafalsafa Mjerumani Kant aliandika mwaka 1781 kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha Mungu yupo, wala kwamba hayupo, na hakuwa mkana Mungu. Hiyo "sijui" yako bado haijakupeleka upande wowote.

Mtu wa Ushahidi:
Kalamu unamfichia mtu. Imani ama unayo ama huna. Mwanafalsafa Mwingereza Russell aliulizwa swali hili akalijibu mwaka 1947: mbele ya wanafalsafa angejiita agnostiki, yaani asiyejua kama Mungu yupo, kwa kuwa hana hoja ya kumaliza ubishi; lakini kwa mtu wa kawaida angesema ni mkana Mungu, maana hata miungu ya Wagiriki wa kale hawezi kuthibitisha kwamba haipo, na bado haiamini. Asiye na Hakika, una shaka yoyote kuhusu Zeus, mkuu wa miungu hiyo?

Asiye na Hakika:
Zeus hapana, hayupo. Lakini naona si swali lilelile, ingawa kueleza kwa nini siwezi.

Shungi la Bahari:
Ngoja nikusaidie. Zeus alisimuliwa kama kiumbe ndani ya ulimwengu, mwenye makao mlimani. Mlima unapandwa, watu wakaangalia. Sisi tunaoamini Mungu mmoja tunasema juu ya chanzo cha ulimwengu wenyewe, hapo hakuna mahali pa kwenda kuchungulia.

Na shaka isikutishe. Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa zamani, amesimulia mwenyewe kwamba kwa karibu miezi miwili hakuamini hata macho yake wala akili yake. Anasema kilichomtoa humo hakikuwa hoja, bali nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Pita Njia:
Amini tu mkuu, ucheze salama. Akiwa hayupo hujapoteza kitu.

Kalamu Kavu:
Hiyo ni karata ya Pascal, mwanafalsafa Mfaransa; ilichapishwa 1670 akiwa ameshafariki. Hata yeye alijua mtu hajilazimishi kuamini, ndiyo maana akashauri aanze na matendo ya ibada, imani ije nyuma. Ila karata haikuambii ni Mungu wa dini ipi umwekee dau. Na mchumba akijua umecheza karata, sidhani atafurahi.

Mama Wawili:
Mnamzungusha mwenzenu. Mimi nimeishi na mume asiyeamini. Jina la msimamo wake halikutugombanisha hata siku moja. Tuligombana watoto wafundishwe nini, na kama atasimama nasi watu wakiomba msibani. Mchumba wako anataka kujua hayo, ila kayauliza kwa mkato. Halafu nikuulize: ukiwa peke yako, unasali?

Asiye na Hakika:
Nikibanwa na jambo, ndiyo, naomba. Kama kuna anayesikia, sijui. Mbele za watu nimepunguza sana, naona kama nadanganya.

Mama Wawili:
Mwambie hilo kabla ya kumwambia habari za Kant.

Asiye na Hakika:
Ahsante, dada. Nitamwambia: kujua sijui, kuamini kunakuja na kuondoka, kuomba naomba. La watoto sikuwa nimelifikiria kabisa, itabidi tulikalie chini.

Mtu wa Ushahidi:
Kunakuja na kuondoka! Haya mkuu, tunasubiri mrejesho.