Mjadala: Sheria ya vipindi vya nyumbani inazaa komedi nzuri, au inajaza saa tu?

Mleta mada:

Wakuu, naleta hoja hii ya kuvilazimisha vituo virushe vipindi vilivyotengenezwa nchini kupitia Australia, kwa kuwa wenzetu wale walibishana jambo hili zaidi ya miaka 60 iliyopita na matokeo yake yanaonekana.

Televisheni ya kawaida ilianza Sydney Septemba 1956 kwenye kituo cha TCN-9. Mwaka uliofuata HSV-7 ya Melbourne ikarusha Take That, vichekesho vya darasani, ambavyo wengi huvihesabu kuwa komedi ya kwanza ya televisheni nchini humo. Mwanzo mzuri. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1963 kamati ya Seneti chini ya Victor Vincent ilitoa ripoti: asilimia 97 ya tamthilia zilizorushwa tangu 1956 zilitoka Marekani.

Na hapo sheria ilikuwepo tayari! Tangu 1960 vituo vilitakiwa asilimia 40 ya vipindi iwe ya Kiaustralia. Vikatii kwa habari, michezo, mashindano ya maswali na mazungumzo ya studio, kwa sababu hivyo ni rahisi kutengeneza. Filamu ya Marekani ilikuwa imesharudisha gharama zake kwao, kwa hiyo iliuzwa Sydney kwa bei ambayo mtunzi wa Sydney asingeweza kushindana nayo hata angejinyima vipi.

Msimamo wangu: sheria iwepo, lakini itaje komedi na tamthilia kwa jina, tena katika saa ambazo watu wako mbele ya runinga. Kuhesabu saa tupu ni kumpa mwenye kituo mlango wa kutokea. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, napinga. Komedi iliyowashika Waaustralia haikuletwa na sheria. My Name's McGooley, What's Yours? ilianza ATN-7, kituo cha Sydney, mwaka 1966: mzee mstaafu, Dominic McGooley, anaishi na bintiye Rita na mkwewe Wally huko Balmain, wakati huo mtaa wa wafanyakazi wa Sydney, na mzee na mkwe hawaishi kuchokozana. Gordon Chater, Judi Farr na John Meillon waliigiza, Ralph Peterson akaandika. Watu waliipenda kwa sababu waliisikia lafudhi yao na kuona nyumba kama zao. Kituo hichohicho kilikuwa kimeshaonja faida ya kuchekesha kwa lugha ya nyumbani kupitia vichekesho vya kejeli vya The Mavis Bramston Show ya 1964, ambayo Chater alikuwemo pia. Matangazo ya biashara yalifuata watazamaji. Mtu halazimishwi kucheka.

Mleta mada:

Ndugu yangu, hapo kwenye mwandishi na waigizaji nakubaliana nawe kabisa. Swali langu ni moja: walifundwa wapi? Redioni. Peterson aliandikia redio, Meillon aliigiza redioni tangu utotoni. Na redio hiyo ilipata nguvu vipi? Vita vya Pili vya Dunia vilipobana uagizaji, sahani za santuri za vipindi vilivyorekodiwa Marekani zikakosa njia ya kuingia, na vituo vikalazimika kuajiri watunzi wa hapohapo. Kwa hiyo ulinzi ulikuwepo, ila ulifanya kazi kabla ya McGooley kuzaliwa. Ukimtazama Chater akiwa McGooley (naye alizaliwa London, akamjua mzee wa Balmain kwa kumsikiliza) unaona ufundi wa miaka mingi mbele ya hadhira. Ufundi huo hauagizwi mwaka unaouhitaji.

Ndiyo maana inaniuma kwamba serikali ya Waziri Mkuu Robert Menzies iliiacha ripoti ya Vincent ikae. Watunzi na waigizaji wangapi waliondoka kwenda London katika miaka hiyo?

Mchangiaji wa pili:

Nawasoma nikiwa Nairobi. Kanuni za utangazaji za Kenya nazo zilitaja asilimia 40, kwa hiyo jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Lakini mimi naona nyote mmeruka pesa. Vitimbi, komedi yetu ya televisheni ya Mzee Ojwang na Mama Kayai, haikusubiri asilimia yoyote. Ilibebwa na kituo cha taifa kilicholipa studio na mafundi, mwaka baada ya mwaka, hata waigizaji wakazoeana kama watu wa nyumba moja. Mwenye kituo binafsi ukimwambia atengeneze komedi bila mfuko wa kumsaidia, atatengeneza mbaya, kisha atasema watazamaji hawaitaki.

Mleta mada, unataka sheria itaje komedi kwa jina. Sawa, nakuunga mkono. Sasa tuambie vipindi vya mwaka wa kwanza na wa pili, vile ambavyo bado havijapata watazamaji, gharama yake inabebwa na nani: kodi yetu, au ada ya leseni ya hivyo vituo vinavyonunua tamthilia za nje kwa bei ya chini?