Boma la Bagamoyo: vioo na kiyoyozi, au chokaa?

Hoja: Boma la Mjerumani la mwaka 1897 lifanywe makumbusho na jumba la sanaa. Wengine wanataka ndani kuwekwe nguzo za zege, vioo na kiyoyozi. Wengine, likarabatiwe kwa chokaa tu. Wadau, mnasemaje?

Fundi chokaa: Anzeni na ukuta. Huo ni wa mawe ya matumbawe. Unavuta maji ardhini na kuyatoa kupitia uso wake. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hayana pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, ikikauka inavimba, na lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Kwa hiyo saruji yote ya zamani itolewe kwanza. Chokaa ikishazimwa kwa maji ikae mwezi au zaidi, kisha ndoo moja kwa tatu za mchanga. Wa ufukweni msiuguse, una chumvi. Tabaka lisizidi sentimita moja, lifunikwe magunia mabichi siku kadhaa. Likikaushwa na jua linakuwa unga.

Mdau wa utalii: Sawa fundi, lakini mgeni halipi kiingilio aje kutazama lipu. Picha na nyaraka zinahitaji ubaridi. Jasi ndani, kiyoyozi juu, kazi imekwisha.

Mhifadhi: Haijaisha, ndugu yangu. Umeme ukikatika, hewa ya bahari yenye unyevu inaingia kwenye chumba kilichopoa, na unyevu wake unageuka matone juu ya karatasi. Nyuma ya jasi unafuga ukungu usiouona. Karatasi inaumizwa zaidi na unyevu unaopanda na kushuka kila siku. Tengeni chumba kimoja cha nyaraka, cha ndani, mwanga usizidi luksi 50. Vinyago na michoro ya kuuza vikae barazani, penye upepo.

Mwanasheria: Mnapanga vyumba mapema. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La 1897 linategemea tangazo la waziri. Someni tangazo ndipo mwite mchoraji ramani.

Mdau wa utalii: Basi ghorofani tuweke ukumbi wa maonyesho.

Fundi chokaa: Watu wangapi kwa mpigo? Mhandisi apime sakafu kwanza. Kama ni boriti za miti, zinaoza pale ncha inapoingia ukutani: choma kwa bisibisi, ikizama, hiyo imekufa. Kama ni chuma, kutu inavimba na kupasua ukuta. Na kwenye bajeti yenu ya vioo sijaona hata shilingi ya kuzibua mifereji ya paa kabla ya masika.